Maswali Matatu ya Dada Stazia

Baba Paroko, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wanajumuiya, majirani wa Goba, na ninyi nyote mliopanda vilima hivi na tope la asubuhi ya leo, poleni kwa njia na poleni kwa msiba, familia imemkabidhi Sebastian Albano Millanzi, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yake, na kwa kuwa marehemu mwenyewe ndiye aliyemchagua, tena kwa sharti kwamba asipunguze kitu, anaomba mumvumilie pale ambapo karatasi hii itakuwa ndefu kuliko mlivyozoea.

Marehemu Anastasia Albano Millanzi, ambaye wengi wenu mlimwita Dada Stazia, alizaliwa tarehe 17 Agosti 1963 katika kijiji cha Lukuledi, wilayani Masasi, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili waliobaki hai wa mzee Albano Millanzi na mama Flaviana Namwela. Alisoma shule ya msingi hapohapo Lukuledi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, jina lake halikutoka miongoni mwa waliochaguliwa kuendelea na sekondari, jambo ambalo hakulilalamikia lakini hakulisahau, na kati ya mwaka 1978 na 1980 akajifunza ushonaji kwa masista wa Ndanda, ambako alipata cheti alichokitundika ukutani hadi siku ya kufa kwake.

Katika miaka hiyohiyo alisoma shule nyingine isiyotoa cheti, kwa bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akitazamia watu kwa unga, yaani kuwaangalizia yaliyo mbele yao. Kwa wasiojua desturi hiyo ya kwetu kusini, mwenye shida huleta unga wa mtama kutoka jikoni kwake, uliotwangwa kinuni na watu wa nyumba yake, mtazamiaji akaumimina taratibu kwa vidole juu ya ungo hadi uwe kilima kidogo chenye ncha, ukisimama njia ni nyeupe, ukiporomoka, bibi alikuwa akisema, kuna neno halijasemwa.

Mama yao alifariki tarehe 9 Novemba 1982, baba alikwishatangulia, na mwezi Machi 1983 marehemu akamchukua mdogo wake, aliyekuwa na miaka minane, wakaja Dar es Salaam na kupanga chumba kimoja Mtoni kwa Azizi Ali, wilayani Temeke. Hapo aliweka cherehani barazani na kumlea Sebastian kama anayemlea mwanawe wa kumzaa, sare za shule alizovaa Sebastian hazikuwahi kutoka dukani, zote zilitoka mikononi mwa dada yake, na hata suruali aliyovaa siku ya kuhitimu ualimu mwaka 1998 pindo zake zilishonwa na marehemu usiku wa kuamkia sherehe.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na Adelard Chitanda, mchonga vinyago wa Mwenge, mtu mpole aliyeongea zaidi na mpingo kuliko na watu, wakajaliwa watoto wawili, Brightson mwaka 1988 na Flaviana mwaka 1992. Mwaka 2003 walihamia hapa Goba, enzi hizo nyumba zikihesabika kwa vidole, na Sebastian naye akajenga ng'ambo ya korongo, wakawa wanaitana bila simu. Adelard alifariki kwa kiharusi tarehe 30 Mei 2007.

Ndugu waombolezaji, sasa tumefika kwenye kazi yake. Rasimu ya kwanza ya historia hii, iliyoandikwa na kamati ya msiba Jumatano mchana, ilisema marehemu alikuwa fundi cherehani hodari, ikaweka nukta. Ni kweli alikuwa fundi hodari, nusu ya sare za kwaya mnazoziona hapa ni kazi yake, lakini kila aliye chini ya turubai hili anajua kwamba kuanzia mwaka 1994 Dada Stazia alikuwa pia akitazamia, na wengine wenu, msishtuke, hamtatajwa, mmewahi kuukalia mkeka wake.

Hakuwa mganga, hakuchanja mtu, hakutoa dawa, na hakumwonyesha mtu yeyote mchawi wake, aliyekuja kwa shida hiyo alirudishwa mlangoni. Kabla ya kugusa unga alikuwa na maswali yake matatu, aliyauliza akiwa ameinamia cherehani kana kwamba hayana maana: umekula, umelala, na umemwambia nani. Anakuja kijana na haraka zake, anasema, "Sista, mie nimekuja kuulizia ishu ya kazi tu," naye anamuuliza kama amekula, kijana anaangalia chini, anapewa sahani ya wali kwanza, na mara nyingi akishashiba shida inakuwa imepungua nusu. Swali la tatu ndilo lililowashinda wengi.

Bi Mahfudha, ambaye yuko hapa mbele na ameruhusu jina lake lisomwe, alikuja mwaka 2009 kutoka Kinondoni, kwenye duka la vitambaa la familia yao, akitaka kujua kama safari ya binti yake Manal kwenda Muscat ina heri. Alipoulizwa amemwambia nani hofu yake alijibu kwamba hajamwambia mtu, marehemu akamfungia unga wake vilevile ulivyokuja, akamrudisha nyumbani akaongee na Manal. Unga ule uliishia kuwa uji walioupika mama na binti, wakalia na kucheka mpaka jioni, na Bi Mahfudha anasema hadi leo hajui kama ungesimama, wala hahitaji tena kujua. Tangu siku hiyo wawili hawa walikuwa ndugu.

Sasa inakuja sehemu ambayo Sebastian alitamani isomwe na mtu mwingine. Mwaka 2014 yeye alikuwa katibu wa jumuiya yetu, mwalimu wa katekisimu Jumamosi, akiwafundisha watoto wenu kwamba kupiga ramli ni dhambi, na nyumbani kwake yeye na mkewe Anna walikuwa wamekaa miaka saba bila mtoto. Jumamosi tarehe 14 Juni mwaka huo, saa nne asubuhi, badala ya kwenda kufundisha, aliaga kwamba anakwenda Ubungo, akazunguka kwa njia ya korongoni ili asionwe, akaingia kwa dada yake kwa mlango wa uani. Ndiyo, ni Sebastian huyuhuyu mnayemwona amesimama na karatasi.

Unga alikuwa nao, lakini hakuwa na ujasiri wa kumwomba Anna atwange mtama, kwa sababu Anna angeuliza ni wa nini. Alinunua unga wa mtama wa pakiti, uliosagwa kiwandani, akaumimina kwenye mfuko wa rambo na kuitupa pakiti Tegeta, akidhani unga ni unga. Aliulizwa amekula, akasema ndiyo, amelala, akasema ndiyo, amemwambia nani, akasema amemwambia Anna. Marehemu akamimina, unga ukaporomoka, akamimina tena, ukaporomoka, mara ya tatu ukatawanyika ungo mzima, naye akaupikicha kidogo kwa vidole, akamtazama mdogo wake na kusema, "Seba, huu haujatoka kwa Anna. Mficha uchi hazai, mdogo wangu, nenda mkaongee kwanza."

Ni msemo wa kila siku, lakini kwa mtu aliyeukosa uzazi ulimchoma kuliko kisu, Sebastian akainuka bila kuaga, na njia nzima ya kurudi hakuyawaza maneno ya dada yake, aliwaza kwamba sasa kuna mtu anayejua. Hofu ile ndiyo iliyomwongoza. Jumapili tarehe 6 Julai 2014, baada ya sala ya jumuiya, walipolalamika baadhi kuhusu magari ya wageni yanayoegeshwa kwa Dada Stazia, katibu ndiye aliyependekeza barua iende parokiani, na katibu ndiye aliyeiandika, kwa mwandiko mzuri uliolipiwa ada na cherehani ya huyohuyo aliyekuwa akimshtaki.

Marehemu aliitwa parokiani, katibu akiwepo, akaulizwa awataje wanajumuiya waliokwenda kwake, kwani wangetajwa adhabu ingegawanywa. Alimtazama Sebastian kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyejikojolea mbele ya wageni, kwa huruma na kwa kumwonea aibu, kisha akasema, "Waliokaa kwenye mkeka wangu ni wageni wangu, siwataji." Akasimamishwa komunyo na kuondolewa kwenye kwaya, na jina la mchawi, ambalo barua haikuliandika, watu wakaliongeza wenyewe.

Kwa miaka zaidi ya kumi Dada Stazia alikuja misa kila Jumapili, akakaa benchi la nyuma, na wenzake walipokwenda kukomunika yeye alibaki ameshika mikoba yao. Sebastian alimpita kila Jumapili akienda na akirudi, na kila Jumapili alijiambia Jumapili ijayo. Marehemu aliutundika ungo, hakumimina tena unga, lakini maswali hakuacha, na mwaka 2016 Anna alipokwenda kupimwa gauni aliulizwa yale matatu, alipofika la tatu akaangua kilio, akarudi nyumbani kumkalisha mumewe chini, wakaenda kupima pamoja kwa mara ya kwanza, ikaonekana tatizo ni la Sebastian na linatibika. Binti yao Marietha alizaliwa tarehe 22 Aprili 2018. Sare yake ya chekechea aliishona shangazi yake, na hata siku Sebastian alipoipokea alisema asante ya sare tu.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alihisi uvimbe kwenye titi la kushoto mwezi Oktoba 2021, na hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wapo watakaosema alijua wazi akafanya makusudi, lakini ndugu zangu, watoto wake walikuwa mbali kikazi, jumuiya ilikuwa imempa mgongo, na mdogo wake aliyekaa ng'ambo ya korongo alikuwa akimkwepa macho, sasa yule aliyewauliza wenzake wote umemwambia nani, yeye angemwambia nani? Familia inaliacha swali hili hapa kwa sababu haina jibu lisiloihukumu.

Tarehe 19 Februari 2024 Bi Mahfudha alileta vitambaa, akaona doa la damu kwenye blauzi ya mwenzake, akamvuta mkono hadi hospitali bila kusubiri ruhusa. Madaktari walisema saratani imekwenda mbali, wakapigana nayo mwaka mzima, na Jumapili tarehe 2 Februari mwaka huu Baba Paroko alifika nyumbani, akampa komunyo na mpako wa wagonjwa, marehemu akasema kwa utani kwamba leo mkoba wake ashikiwe na mtu mwingine.

Jioni ya siku hiyo Sebastian alipiga magoti kando ya kitanda akaomba msamaha. Marehemu alimwambia alikwishamsamehe mwaka uleule, hata wino wa barua haujakauka, ila akamuuliza, "Seba, umemwambia nani?" Akajibu amemwambia padre kwenye kitubio, na Anna. Marehemu akatikisa kichwa na kusema, "Hao wawili hawaniiti mchawi. Waambie wanaoniita." Sebastian aliahidi kusimama mbele ya jumuiya, akaomba ajipange kidogo, wakapatana Jumapili ya tarehe 16 Machi, na marehemu akamwagiza Flaviana amnyooshee gauni la kitenge, kwa sababu alitaka abebwe kwenye kiti akasikie kwa masikio yake.

Marehemu Anastasia Albano Millanzi alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tisa alasiri, nyumbani kwake hapa Goba, mikononi mwa binti yake Flaviana na Bi Mahfudha, zikiwa zimebaki siku tano. Gauni lile la kitenge ndilo alilovaa sasa. Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na mdogo mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, Bi Mahfudha na Manal kwa mwaka mzima wa kumwosha na kumlisha, Baba Paroko kwa kutosubiri kuombwa, majirani kwa maji, kuni na viti, mafundi wenzake walioshona vitambaa vya msiba huu bila kudai ujira, na Anna, ambaye alfajiri ya jana alitoa kinu uani akatwanga mtama mbele ya kila mtu, na uji wake ndio mliokunywa asubuhi hii. Jumuiya nayo inashukuriwa kwa kuja kumzika, na inaombwa kuifuta barua ya mwaka 2014, ambayo mwandishi wake ameshajitaja.

Dada Stazia, uliniuliza mara mbili nikakujibu uongo mara ya kwanza na nusu mara ya pili. Leo nimekula uji wa Anna, kulala sijalala, na la tatu nimelijibu, nimewaambia hawa wote. Nisamehe kwa kuwa nimewaambia wewe ukiwa huwezi kusikia. Pumzika, dada yangu, pumzika kwa amani.