Majina Ukutani

Nahashon, askari wa lango katika hoteli moja ya Al Sadd, Doha, alikuwa ameegemeza kichwa dirishani mwa basi ili asinzie kidogo kabla ya shifti. Lakini wale dada wawili mbele yake, waliotoka ibada ya Ijumaa kanisani kule Mesaimeer, hawakuwa na habari na usingizi wa mtu. Kikundi chao cha wanawake kilikuwa kimechangia chuo kikuu cha kwao Kenya chumba cha wasichana kusomea, na sasa chuo kiliuliza kiandike nini ukutani.

“Waandike ‘Akina Mama wa Doha’, Jebet. Imetosha.”

“Haijatosha, Gakii. Miaka yote hii kwa madam ninakofua na kupika naitwa ‘wewe’. Nataka ukuta mmoja tu unijue kwa jina.”

Nahashon, ambaye pale langoni huitwa “Kenya”, usingizi ulimruka.

“Sikatai, dadangu. Lakini picha itafika WhatsApp kabla rangi haijakauka. Kule kijijini, ushago, watasema umeomoka, una pesa. Na mamako je? Hatakuuliza mbona paa lake bado linavuja?”

Jebet akachukua mkoba wake. Nahashon naye akangoja jibu kama aliyeulizwa yeye, maana hata yeye alikuwa na mama, na mama alikuwa na paa.

Basi likasimama Al Thumama. Jebet akashuka, kisha akageuka.

“Mama hajui kusoma,” alisema polepole. “Ndiyo maana nilitoa, wasichana wengine wasome.”

Gakii alisimama wima.

“Si atasomewa jina lako, Jebet! Atasomewa!”

Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.