Dkt. Dobrila Cakić na Kesi ya Pilipili Hoho

Leo tunamsindikiza Dkt. Dobrila Cakić, daktari wa upasuaji, mama na bibi, mtu ambaye hakuwahi kushindwa ubishi, ila mara nyingine alishinda kwa kuchelewa.

Alizaliwa tarehe 7 Machi 1934 huko Vučje, karibu na mji wa Leskovac, kusini mwa Serbia, mtoto wa tatu wa wakulima wa pilipili hoho. Alisoma Leskovac, kisha udaktari Belgrade, akahitimu mwaka 1959. Mwaka uliofuata aliingia chumba cha upasuaji cha Leskovac, mwanamke pekee katikati ya masharubu.

Mwaka 1961 aliolewa na Blagoje, dereva wa treni. Mwaka 1968 kidonda cha tumbo cha Blagoje kikatoboka. Mama mkwe, Persida, alitoa hukumu palepale wodini:

"Mwanangu alitoka kwangu na tumbo zima, bibi daktari. Ni pilipili zako hizo."

"Mama, mbona na wewe unazila?"

"Tumbo langu mimi ni la zamani."

Neno hilo lilimkaa Dobrila kooni. Madaktari wazee walisimulia kwamba enzi zao waliotoboka tumbo walikuwa wasichana. Yeye alipasua wanaume wa makamo. Na pilipili ni zilezile. Akaanza kumuuliza kila mgonjwa mwaka wa kuzaliwa kabla ya kumuuliza anaumwa wapi, mpaka siku moja akaingia jikoni anarukaruka. Ugonjwa haukufuata chungu, ulifuata rika. Waliozaliwa miaka fulani walizeeka nao kama jina la ukoo. Waliokuja nyuma yao, katika nyumba zenye maji ya bomba na watoto wawili, walipona kabla ya kuugua.

"Ugonjwa huu unaondoka, Blagoje! Utazeeka na nyie wa rika lako, mtakwenda nao wote."

"Ahsante kwa faraja, mke wangu. Nipe supu."

Persida alifariki mwaka 1979, hukumu yake ikiwa palepale. Baadaye zikafika habari kwamba chanzo ni kijidudu ambacho wengi hukipata utotoni, mdomo kwa mdomo. Mwaka 1993 Blagoje alimeza dawa wiki mbili, akapona, akadai pilipili. Hapo Dobrila akakumbuka majigambo ya Persida kila sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa nyumba, akimwonyesha Blagoje: "Huyu nilimtafunia mkate mwenyewe mpaka akaota meno."

Jumamosi ya wafu, siku ya kuwapelekea marehemu chakula makaburini, alibeba sahani ya pilipili za kuokwa hadi kaburini kwa mama mkwe. Blagoje akamchokoza: "Haya, mmalize. Umeisubiri siku hii."

"Mama," akasema Dobrila, "pilipili hazikuwa na hatia." Akampa Blagoje pilipili moja.

"Na mkate je?" akauliza Blagoje.

"Aliyekutafunia alikuwa na njaa mwenyewe. Kula, Blagoje."

Blagoje alitangulia mwaka 2007. Dobrila aliugua magoti, na vidonge vya magoti vikamtoboa tumbo Novemba 2019. Daktari kijana alimweleza kwamba siku hizi wanaolazwa kwa vidonda wengi ni wazee, kwa vidonge hivyo hivyo. Macho yakamng'aa.

"Kumbe ugonjwa umehamia huku kwetu wazee? Wamezaliwa miaka gani hao?"

"Bibi, lala kwanza."

"Mwanangu, kulala nitalala sana. Wewe niambie."

Akaambiwa. Alifariki tarehe 19 Novemba, saa nane mchana.

Ameacha watoto wawili, Ljubinka na Časlav, na wajukuu wanne, akiwemo Ognjen, ambaye stashahada yake, kama marehemu alivyowatangazia wageni, "bado imo tanurini."

Ardhi ya Leskovac imlaze kwa upole, na amani imkute amekwisha kujibiwa.