Risala ya Washonaji wa Viti vya Magari Kuhusu Mlango Uliofungwa kwa Nje

MAKARIBISHO
Mgeni rasmi, mkaguzi kutoka kampuni ya magari inayonunua viti vyetu, karibu sana. Ukituona tunaongea kwa sauti ya juu, utuwie radhi. Cherehani tumezizima, ila masikio bado yanavuma.

TULIVYOANZA KUULIZA
Yupo dada mwenzetu tunayemwita Dodosa, maana haachi jambo mpaka aufikie mzizi. Siku moja alirudisha ngozi zilizotoboka kwenye kiwanda cha ngozi kilicho nyuma ya ukuta wetu. Akakuta mlango umepigwa kufuli kwa nje, na ndani watu wanakohoa. Akashangaa: nani anafungia watu kama kuku? Akainama penye upenyo.

"Kaka, humo mnatokaje?"

"Hatutoki, dada. Wakala aliyetuleta kachukua vitambulisho vyetu. Ukiuliza utarudi lini kwenu, unapigwa."

Dodosa alirudi kazini. Ngozi zile alizoea kuzisifia kwa ulaini. Alipomweleza msimamizi, akajibiwa, "Wewe shona. Ya jirani yanakuhusu nini?" Akaketi, akaitazama ngozi mezani, kisha akaizima cherehani yake.

MAFANIKIO
Nasi tukazima mashine, mmoja baada ya mwingine. Meneja alikuja juu kama moto wa kifuu, kisha akakubali kwenda na Dodosa akaone mwenyewe. Aliporudi, akawaita maofisa wa kazi. Kufuli likakatwa. Waliotoka walirudishiwa vitambulisho. Wapo waliokwenda kwao, na wapo waliobaki kwa hiari yao. Leo wameketi nasi hapa.

CHANGAMOTO
Kaka yule wa mlangoni hakuwa miongoni mwa waliotoka. Wenzake wanasema wakala alimpakia kwenye lori kabla kufuli halijakatwa, kwa kosa la kuzungumza na Dodosa. Dodosa hujiuliza kama angenyamaza ingekuwaje. Tunamwambia kosa si lake, lakini sisi pia hatuna raha.

MAOMBI
Mgeni rasmi, tunaomba ukaguzi usitanguliwe na simu. Pitieni mlango wa nyuma, ongeeni na watu msimamizi akiwa mbali. Mkikuta ubaya, msikimbilie kuhamisha oda, maana wakala naye atahamisha watu. Kaeni mpaka wawe huru.

Na mtusaidie kumtafuta kaka yetu. Siku hizi ngozi zinaletwa kutoka mbali, laini kama zile. Tumeuliza zinatengenezwa na nani, hatujajibiwa. Dodosa ametutuma tukuulize, kwa heshima zote: wewe unajua?

Mungu akufikishe salama uendako, na awafungulie wote waliofungiwa.

Ni sisi,
Washonaji wa Viti vya Magari.