Kidole Kirefu cha Mwalimu Agathe

Ndugu wote mliofika kwenye matanga haya, mimi ni Léopold, mdogo wake marehemu, baraza la familia limenipa karatasi hii niwasomee, nanyi mnivumilie.

Yaya Agathe Kasoki, dada yetu mkubwa, alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1941, binti wa Papa Pierre aliyekuwa akileta maharagwe na viazi kwa lori mpaka mji huu, na mwaka 1950 Papa akahamishia familia hapa, ambapo mimi nilizaliwa. Alisoma kwa masista, akapata cheti cha ualimu Julai 1960, na tangu Septemba 1961 akafundisha shule ya msingi Mangobo miaka ishirini na saba, ukiondoa mitatu nitakayoifikia.

Wengi wenu mlipita mikononi mwake, na mimi pia. Hadithi alitufundisha kwa vidole, gumba ni nani, cha shahada ni wapi na lini, kile kirefu ni shida iliyompata, cha pete ni alifanya nini, kidogo ni mwisho, na mtoto akiruka kirefu alimrudisha mwanzo huku darasa likicheka, akisema hadithi isiyo na shida ni lituma, ndizi za kupondwa, bila chumvi.

Tarehe 27 Julai 1968 aliolewa na Papa Alphonse, karani wa bandari, Mungu akawajalia Pélagie mwaka 1970, yule pale, na Emile, Aprili 1973.

Bon. Hapa karatasi inasema Februari 1975 alihamishwa kikazi Barumbu, akarudi 1978, basi, imekwisha. Tonton Maurice, mzee wetu, acha kunikazia macho, najua ulinisihi nipite haraka, na wenye kofia za chama waliokaa karibu na mlango ninawaona, lakini wanafunzi wake wa mwaka wa pili wako kwenye mkeka mbele yangu, wanahesabu vidole, nami siwezi kuwadanganya.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kiongozi wa vijana wa chama wa mtaa wetu, mwenye haraka ya kupata cheo, nikasikia kwa wanafunzi wake kwamba amewasimulia hadithi ya kiboko aliyelala mdomoni mwa mto mpaka pirogi zote, mitumbwi ya wavuvi, zikakosa njia, na mimi, ambaye yeye mwenyewe alinifundisha kutafuta nani, nikawaandikia wakubwa wa chama barua kwamba kiboko yule ni Mkubwa wa nchi. Kumbe kiboko alikuwa kiboko tu, ndugu zangu, mnyama wa hadithi ya watoto! Walimshika siku tisa, wakampandisha meli ya kwenda Barumbu, mbali mtoni, akamwacha Emile hajatimiza miaka miwili. Juni 1976 mtoto akafa kwa surua, habari ikamfuata mama yake mtoni taratibu, akafika hapa siku nne baada ya maziko. Jeneza lile dogo nililibeba mimi, mwandishi wa barua.

Alirudi Septemba 1978, akashika chaki yake tena, wala hakuniuliza neno, kila Jumapili akaniwekea sahani. Agosti mwaka huu wa 1988 figo zilimlaza hospitalini, na siku mbili kabla hajatutoka alinishika mkono, akanikunja gumba, akakunja cha shahada, akafika kwenye kile kirefu, akakishika, akaningoja. Alijua. Aa, mama, alijua miaka yote! Mimi nikamwambia mvua za mwaka huu zimechelewa. Hakukiachia mpaka usingizi ulipomchukua, na Jumatatu tarehe 3 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliopika pondu ya majani ya muhogo na kutuletea mikeka, walimu wenzake waliochukua darasa lake bila kuombwa, na Padri aliyekuja kumpaka mafuta. Papa Alphonse, Pélagie, maji yakimwagika hayazoleki, sina cha kuwarudishia, mkitaka nisilibebe jeneza hili nitasimama nyuma.

Yaya, uliningoja na sikukujibu. Kidole kirefu ni mimi. Sasa nimekitaja mbele ya darasa lako, upumzike, kwa amani ile ambayo mimi nilikunyima.