Bi Sundus na Koti Lililonuka Moshi

Tarehe 30 Septemba 1998, Bi Sundus Sabri anastaafu baada ya miaka ishirini na mmoja ya kuwatunza wagonjwa wa akili katika nyumba yetu hapa Bladensburg. Ishirini na mmoja, jamani! Wengine wetu hata ndoa zetu hazijafika huko.

Alizaliwa Unguja, akaja Marekani mwaka 1974, akafua mashuka ya hoteli kwa miaka mitatu, kisha akaingia hapa kama msaidizi wa jikoni. Mwaka uliofuata alikuwa mlezi, na tangu 1989 ndiye msimamizi wa zamu ya mchana. Amechelewa mara moja tu, theluji ilipolifukia gari lake kule Landover. Siku hiyo alitokea na sweta tatu na buibui juu yake, akatuuliza kulikoni chai bado haijatengwa.

Lakini amjuaye Bi Sundus anavijua vitabu vyake: hadithi za upelelezi za Uswidi na Norwe, zilizofasiriwa kwa Kiingereza, kurasa zimelegea, alizoziokota kwenye minada ya makanisa huko Springfield. Kila saa kumi jioni aliwasomea wakazi sebuleni. Nje ukungu unapanda kutoka mtoni, ndani polisi wa Kiswidi wanakunywa kahawa na kutembea polepole juu ya barafu, na wakazi wetu, hata wale wasiotulia, nusu wanasinzia, nusu wanasikiliza, mpaka hujui theluji ile ni ya dirishani au ya kitabuni. Kisha alikuja jikoni kutusimulia upya kwa Kiswahili huku akikausha vikombe. Majina ya kule yalimshinda, basi inspekta akawa Mwinyihaji na mjane wa Stokholmu akawa Bi Mize. Sisi wafanyakazi tuliotoka Kisumu tulimcheka sana, naye hakujali.

Hadithi hizo alizipenda kwa sababu moja. Wa kwanza kushukiwa ni yule yule, anayekaa peke yake na kuzungumza na ukuta. Kurasa mia mbili baadaye muuaji anakuwa bwana mwenye tai na salamu nzuri. Bi Sundus alisema mtu akishaitwa kichaa, watu humuuliza yeye kwanza, kisha wakajijibu wenyewe.

Laurean, mkazi wetu kutoka Bujumbura, alisikiliza hadithi hizo akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Tangu aletwe mwaka 1996 hakuwa amesema neno na mtu. Alitembea tu kandokando ya mto, mchana kutwa, na koti lake la kijivu.

Februari mwaka huu, siku ya Jumanne, gereji ya jirani iliungua. Laurean alionekana karibu. Polisi walimuuliza, hakujibu. Majirani wakatia saini barua, na wakubwa wakaitisha mkutano wa Ijumaa kuamua kama apelekwe hospitali kubwa, wodi ya kufungiwa. Waliokwenda huko kutoka kwetu hatujawaona wakirudi.

Haya yanayofuata Bi Sundus mwenyewe ameturuhusu kuyaandika. Jioni ya moto aliingia chumbani kwa Laurean akalinusa lile koti. Lilinuka moshi. Hakumwambia mtu. Msomaji wa vitabu vyote vile alikuwa amekwisha kumhukumu.

Alhamisi saa kumi hakusoma. Alimwekea Laurean kiti jikoni, akaanza kusimulia habari za mtu wa kijiji cha barafu ambaye koti lake linanuka moshi, na Inspekta Mwinyihaji hajui amuulize nini. Akakomea hapo, kwa kuwa kweli hakujua mbele yake. Tuliendelea kuosha vikombe, ukungu umejaa dirishani, hadi maji yakapoa. Ndipo Laurean akasema, taratibu, kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, kwamba mule ndani ya gereji mlikuwa na mbwa, analia. Akatoa mfukoni kipande cha mnyororo. Alipoulizwa mbona hakuwaambia polisi, alishangaa: waliuliza moto, hakuna aliyeuliza mbwa.

Mkutanoni Bi Sundus aliuweka mnyororo mezani. Jirani mwenye gereji, aliyekuwa akijiuliza tangu Jumanne mbwa wake alifunguliwa na nani, aliutambua, akainamisha uso. Watu wa zimamoto nao wakathibitisha kwamba moto ulianzia kwenye hita. Kisha Bi Sundus akasimama, akaeleza alivyolinusa koti, akamwomba Laurean radhi mbele ya watu wote. Laurean alibaki nasi.

Sasa mama yetu anahamia Springfield kwa bintiye, kwa wajukuu wanaokisikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Poleni, watoto: bibi yenu hachoki kusimulia, na kahawa yake kali.

Limebaki langu mimi, Akinyi ninayeandika. Alhamisi ile asubuhi, kabla mtu hajakata neno lolote, nilikuwa nimeshamfungia Laurean begi lake na kuliweka stoo, tayari kwa safari. Baada ya mkutano Bi Sundus alilikuta. Hakunigombeza. Alilibeba hadi chumbani, tukarudisha nguo kabatini, shati baada ya shati, Laurean amekaa kitandani akitutazama. Niliona haya hadi machozi yakanitoka.

Bi Sundus, sisi sote tunakushukuru. Mungu akupe afya, raha na siku nyingi za kupumzika. Nami nakuahidi, sitamfungia mtu begi kabla sijakaa naye.