Jina Kwenye Fomu ya Jeshi

Mwaka 2012, katika basi la 71 likishuka barabara ya Chaussée d'Ixelles, kijana mmoja mbele yangu alikuwa akijaza fomu ya kujiunga na jeshi. Niliisoma yote juu ya bega lake. Sikuhangaika na shule ya jioni miaka minne kujifunza kusoma ili nitazame madirisha. Mama mmoja asiyemjua, aliyeketi kando yake, alisoma pia, ila yeye aliuliza, akimwita kijana "Papa" kwa heshima.

"Papa, hapa kwa muntu wa kuitwa kama unakufa, uliandika Thibaut. Njo nani? Chef?"

"Bwana yangu, maman. Trois ans, miaka tatu sasa."

Mama aliisogelea fomu, akalisoma jina hilo tena. "Na jeshi inajua?"

"Inajua, haina shida. Mama yangu njo hajui."

"Alors! Kwetu Likasi habari ya kifo inapelekwa kwa baba mukubwa, watu wanakaa chini kwanza. Weye unataka muzungu apigie mama yako telefone? 'Bonjour madame, mimi ni bwana ya mutoto yako'?"

Kijana alicheka, lakini hakufuta jina. "Baba mukubwa hajui hata nalala wapi. Thibaut anajua. Mama nitamuambia dimanche, siku ya kanisa. Siku ya kiapo atakaa banc moja na Thibaut, bega kwa bega."

"Kama atakuja!"

"Atakuja, maman. Hajakosa siku yangu kubwa hata moja."

Tulifika kituo cha Flagey. Kijana alishuka mgongo wima kama askari, na hakuna aliyekuwa amempa amri.