Bi. Evelina na Dirisha la Bondeni

Bi. Evelina Shemhilu anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na saba katika karakana yetu ya ushirika hapa Lushoto. Tisa ya mwisho amesimamia mashine za kukata zinazojiendesha kwa kompyuta. Watumiaji tuko arobaini na wawili. Vidole mia nne na ishirini, na vyote vipo. Naomba uongozi uisome hesabu hiyo mara mbili.

Alitoka kijijini kwao Rangwi akiwa fundi wa msumeno wa mkono. Mashine ya leza ilipoletwa, wengi wetu tuliiwasha tukaenda kunywa chai. Yeye alivuta kiti akakaa mbele yake, akiitazama ile nuru ndogo ikitembea juu ya ubao wa msindano, asubuhi baada ya asubuhi, harufu ya utomvu imejaa chumbani. Ungedhani amesinzia. Ujaribu kumpita na kikombe sasa: "Kijana, rudi. Inakata mbao zako, si zangu."

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, ukungu uliingia kwa dirisha la bondeni kama kawaida yake, ukalala juu ya meza, tukawa tunaonana nusunusu. Rubeni, fundi wa milango, alikuwa anakata. Bi. Evelina akamwuliza cheupe kile juu ya mashine ni nini.

"Ukungu huo, mama. Umeanza kuuona leo?"

Tukacheka. Yeye alishainuka, akabonyeza kitufe chekundu cha kuzimia mashine. Chini ya kifuniko ubao ulikuwa unawaka.

Tangu hapo hakuna anayewasha kabla ya kufunga dirisha la bondeni. Moshi una bomba lake la kutokea. "Dirisha likishafungwa," husema, "cheupe chochote humu ndani ni chetu."

Sasa tunaambiwa nafasi yake haitajazwa, kamera itatosha. Kamera hainusi. Mimi niliyeanza na randa ya kuazima sina kidole cha kufanyia majaribio. Wenzangu pia hawana. Tumekubaliana mashine haitawaka bila mtu kitini.

Jumatatu iliyopita Bi. Evelina alimpisha Rubeni kwenye kiti chake. Tukangoja aketi. Hakuketi. Alikwenda kwanza kufunga dirisha.

Bi. Evelina, asante kwa vidole vyetu. Huko Rangwi fungua madirisha yote, ukungu uingie unavyotaka. Tunakutakia asubuhi ndefu, na chai unayoinywa ikiwa bado ya moto.